Sepultura nyuma ya Max: tuache kuhesabu walioondoka

Kila mara orkestra inapopasuka kwetu Kongo, mjadala unakuwa ule ule: nani amebaki na jina, nani amebeba wapiga gitare, na upande gani ndio wa kweli. Mwaka wa 1997, wakati Wenge Musica iligawanyika, JB Mpiana upande huu, Werrason na Wenge Musica Maison Mère upande ule, vijana waligombana kwenye kata, kwenye nganda, hata ndani ya nyumba moja. Mbele yao wazazi walifanya vile vile. Mwaka wa 1963 Tabu Ley na Dokta Nico walimwacha Kabasele na African Jazz yake, wakaanzisha African Fiesta, na miaka haikupita mingi wao wawili pia wakaachana. Katika mambo ya namna hii sisi Wakongomani hatuhitaji mwalimu. Ndiyo sababu tunajipa ruhusa leo ya kusema neno juu ya orkestra moja ya mbali, ambayo wapenzi wake wanabishana karibu miaka 30 sasa na bado hawajamaliza.

Orkestra hiyo inaitwa Sepultura. Ni ya Brazili, ilizaliwa katika mji wa Belo Horizonte mwaka wa 1984. Jina lake, kwa Kireno, maana yake ni kaburi. Inapiga muziki ya metali, na kwa wale ambao hawajaisikia: ni roki nzito, gitare za umeme zinazokwaruza, ngoma za haraka sawa vile mvua ya mawe juu ya mabati, na mwimbaji ambaye ananguruma kuliko kuimba. Tunajua kuna wasomaji watasema hiyo si muziki, ni makelele tu. Hatutawalazimisha. Lakini wasifikiri ni jambo la Wazungu peke yao. Kule Botswana wapenzi wa metali wanatembea barabarani wamevaa ngozi nyeusi toka kichwa mpaka miguu, na hata kwetu kuna vijana wanaoibeba ndani ya simu zao, wanaisikiliza kwa kipokezi masikioni ili mama asiwaulize kama wamerukwa na akili.

Mwezi wa kumi na mbili 2023, Sepultura ilitangaza kwamba inafunga kazi. Ilisema itazunguka dunia kwa mara ya mwisho, na safari hiyo ya kuaga ilianza mwezi wa tatu 2024 kulekule Brazili. Tulidhani watu watatoa shukrani. Kumbe hapana. Tangu siku ile tunasikia maneno yale yale kutoka kwa wapenzi wa zamani: wanaaga nini hawa? Sepultura ilikufaka tangia 1996!

Sisi tunakataa maneno hayo. Na tunataka kueleza sababu, juu habari hii inagusa pia namna tunavyowatendea wanamuziki wetu wenyewe.

Kwanza, ilikuwa nini mwaka wa 1996? Orkestra wakati huo ilikuwa ya watu wane: Max Cavalera, mwimbaji na mpiga gitare, mdogo wake Igor kwenye ngoma, Paulo Jr. kwenye gitare ya besi. Na Andreas Kisser, gitare ya mbele. Mwezi wa pili walitoa albamu iliyoitwa Roots, yaani mizizi. Ilipaa. Toka Ulaya mpaka Marekani watu walishangaa kuona vijana wa inchi ya kusini, waliotoka katika mji ambao wengi hawakuweza kuuonyesha kwenye ramani, wanawafundisha wengine namna ya kupiga metali. Meneja wao alikuwa Gloria, bibi ya Max. Mwezi wa nane, mtoto wa kiume wa Gloria, Dana Wells, ambaye Max alimhesabu kama mwana wake, alikufa Marekani. Orkestra ilikuwa Uingereza, ilipashwa kupiga kwenye tamasha kubwa la Donington. Max na bibi yake walirudi nyumbani kwa kilio. Wale watatu walipanda jukwaani bila yeye, na Kisser ndiye aliimba.

Miezi minne kisha, wale watatu walisema hawataki tena kuendelea na Gloria kama meneja. Mkataba ulikuwa unafika mwisho, hawakutaka kuufanya upya. Kwao ilikuwa mambo ya kazi. Kwa Max, ambaye bado alikuwa katika matanga, ilikuwa kama kumfukuza bibi yake mlangoni. Tarehe 16 ya mwezi wa kumi na mbili 1996 walipiga konseri London, katika ukumbi wa Brixton Academy, na ile ilikuwa ya mwisho pamoja. Max akaenda zake. Mwaka uliofuata akaanzisha Soulfly.

Hatutaki kuhukumu nani alikuwa na haki usiku ule. Familia na kazi zikichanganyika ndani ya orkestra moja, kila mutu wa Kinshasa au wa Lubumbashi anajua mwisho wake. Mwenye kilio alikuwa na haki ya kilio chake. Wenye kazi walikuwa na haki ya kuuliza mambo ya kazi, hata kama walichagua saa mbaya. Tuache hapo.

Kitu kinachotusumbua ni kile kilichosemwa nyuma ya pale. Eti Max ndiye Sepultura, wengine walikuwa wasindikizaji. Eti ile ya kwanza tu ndiyo ya kweli.

Ya kwanza gani? Wapenzi hao wanapashwa kufungua vitabu vyao vizuri. Mwimbaji wa kwanza wa Sepultura hakuwa Max. Alikuwa kijana mmoja anayeitwa Wagner Lamounier, ambaye aliondoka mwaka wa 1985, mbele hata ya albamu ya kwanza, akaenda kuongoza Sarcófago, orkestra nyingine yenye heshima yake katika metali. Max alishika maikrofoni juu mwingine aliiacha. Na Kisser, ambaye hakuna mutu leo anaweza kuwaza Sepultura bila yeye, naye aliingia mwaka wa 1987 kuchukua nafasi ya mpiga gitare mwingine, Jairo Guedz, aliyekuwa ameondoka. Alitoka São Paulo, hakuwa hata mwana wa Belo Horizonte. Albamu ya kwanza aliyopiga pamoja nao, Schizophrenia, ndiyo ilianza kuwafanya wanamuziki wa kweli, juu mbele ya hapo, tuseme wazi, walikuwa vijana wenye hasira na gitare mbaya. Ina maana kwamba mutu aliyeleta ufundi ndani ya nyumba alikuwa mgeni. Siku ile aliingia, hakuna aliyelia kwamba Sepultura imekufa. Sababu ni nyepesi: hawakuwa na jina bado, kwa hiyo hakukuwa na urithi wa kugombania.

Tunakuja kwa sauti yenyewe, na hapa mambo yanatamu.

Wanaosema Sepultura ilipoteza njia nyuma ya Max wanasahau kwamba chini ya Max njia ilibadilika karibu kila albamu. Mwanzoni ilikuwa metali ya giza, ya haraka, ya mashetani na makaburi. Kufikia Beneath the Remains, mwaka wa 1989, na Arise, mwaka wa 1991, ilikuwa kitu kilichonyooka, mbio za gitare zilizopangwa vizuri. Mwaka wa 1993 wakatoa Chaos A.D., na mbio zikapungua. Ngoma zikawa nzito, zikaanza kutembea kwa mwendo wa Brazili, na maneno yakaacha mashetani, yakaanza kuongea habari ya polisi, magereza, na ardhi ya makabila ya asili. Kisha Roots. Walikwenda mpaka Mato Grosso, kwa watu wa kabila la Xavante, wakakaa nao, wakarekodi pamoja nao. Walimwita Carlinhos Brown, bingwa wa ngoma kutoka Salvador ya Bahia, mji ambao damu ya Afrika inaonekana katika kila barabara. Mtengenezaji wa albamu alikuwa Ross Robinson, yule aliyetengeneza albamu ya kwanza ya Korn.

Bon. Leo Roots inaitwa albamu ya dhahabu, kipimo cha Sepultura ya kweli. Lakini ilipotoka, wapenzi wa Arise walisema nini? Walisema Sepultura imeuza roho, imeacha mbio, imefuata mtindo wa vijana wa Marekani. Neno kwa neno, ni mashtaka yale yale ambayo kisha yalitupwa juu ya wale waliobaki! Wapenzi wa Roots wanalilia kitu ambacho wapenzi wa mbele yao walikilaani. Na wale wa mbele zaidi, wa mwaka wa 1986, walishaanza kunung'unika siku gitare zilipoanza kusikika vizuri.

Hapa tufungue kamlango kadogo, wasomaji watusamehe. Belo Horizonte ni mji mkuu wa mkoa wa Minas Gerais, na katika mkoa huo mpaka leo kuna sherehe zinazoitwa Congado, ambapo wajukuu wa watumwa wanapiga ngoma, wanatembea kwa maandamano na kuwavika taji mfalme na malkia wa Kongo. Ndiyo, Kongo, jina letu hili hili, lililovuka bahari ndani ya meli za watumwa. Hatusemi Sepultura ilichukua ngoma zake pale. Tunasema tu kwamba Mkongomani anayesikiliza Roots na kuhisi kwamba mguu wake unajua kitu ambacho kichwa chake hakijui, asishangae sana.

Turudi. Max alipoenda, wale watatu walitafuta mwimbaji, na wakamchukua Derrick Green, kijana wa Cleveland, katika jimbo la Ohio. Mmarekani mweusi, mrefu sana, sauti kama radi. Alihamia Brazili. Albamu ya kwanza pamoja naye, Against, ilitoka mwaka wa 1998, na ilipokelewa vibaya. Iliuzwa kidogo sana ukilinganisha na Roots. Watu walikuja kwenye konseri wakiita jina la yule aliyeondoka. Waze kidogo: unaingia kwenye kazi, miaka inapita, na kila usiku mbele yako kuna watu waliolipa pesa ili wakuambie kwamba wewe si mwingine. Na metali, hata kama ina wapenzi wa kila rangi, jukwaani Weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Derrick Green hakujibu kwa matusi. Aliimba tu.

Tukihesabu kama wahasibu: Max aliimba ndani ya Sepultura miaka 12 hivi, albamu 6 kubwa. Green ameimba miaka zaidi ya 25, albamu 9. Mutu aliyezaliwa siku Against ilipotoka, leo ni baba wa watoto. Na bado kuna watu wanamwita Green "yule mupya".

Sasa tuwe wakweli, juu kutetea watu si kusema kila kitu chao ni kizuri. Against ni albamu ya watu waliochanganyikiwa. Kuna wimbo mmoja ndani yake, Kamaitachi, walioupiga pamoja na Kodo, wale wapiga ngoma wakubwa wa Japani; wazo zuri, lakini linanuka Roots, sawa vile mutu aliyeachwa na bibi anarudia kupika chakula ambacho bibi alizoea kupika. Nation, ya 2001, ni ndefu na inachosha. Roorback, ya 2003, ni afadhali. Miaka ile wangeacha kazi, hakuna ambaye angeshangaa. Walikuwa wanatafuta.

Walipata mwaka wa 2006 na Dante XXI, albamu waliyoijenga juu ya kitabu cha Dante, safari ya jehanamu, toharani na paradiso. Hapo kwa mara ya kwanza Green haimbi katika viatu vya mwingine. Sauti yake imepata chumba chake. Anayetaka kujua kama kuna uhai nyuma ya Max, aanzie hapo.

Lakini mwaka ule ule ndio pigo lingine lilikuja, na hapa tutasema jambo ambalo wapenzi wengi hawatalipenda. Igor, mpiga ngoma, naye aliondoka. Alipatana na kaka yake, na mwaka wa 2008 wakatoa albamu chini ya jina la Cavalera Conspiracy. Sepultura ikabaki bila Cavalera hata mmoja. Kwa sikio letu, pengo kubwa halikuwa lile la 1996. Lilikuwa hili. Juu Sepultura toka Chaos A.D. ni orkestra ya ngoma. Mwimbaji anaweza kubadilika, ananguruma hivi au vile, lakini mkono wa Igor ulikuwa lafuzi yao, ile inayokufanya umtambue mutu mbele hajamaliza neno. Ajabu ni kwamba magazeti na wapenzi hawakulia nusu ya walivyomlilia Max.

Na sisi ni vile vile. Sebene inapopanda na watu wanaacha viti, ni nani anayewanyanyua? Ni mi-solo, ni besi, ni mpiga ngoma, ni atalaku anayetoa makelele kwa wakati wake. Lakini kwenye bango kuna sura ya mwimbaji tu, na mwimbaji akihama tunasema orkestra imehama. Wale wengine tunajua majina yao siku wanapokufa, wakati inatafutwa pesa ya sanduku. Hii kasumba ya kumwona mwenye maikrofoni peke yake ndiyo inayomfanya kila kijana aliyepata wimbo mmoja atake kuanzisha orkestra yake kesho asubuhi, abebe nusu ya wenzake, na wanaobaki wahesabiwe wamekufa.

Si kwamba hatuna mifano mingine. Zaiko Langa Langa ipo tangu 1969. Papa Wemba alitoka mwaka wa 1974, na wengine pamoja naye. Mwaka wa 1988 kundi lingine likatoka, likajiita Familia Dei. Nyoka Longo akabaki na waliobaki, akaleta vijana wengine. Hakuna Mkongomani mwenye akili zake anayesema Zaiko ilikufa mwaka wa 1974. Tunasema ile Zaiko ilikuwa na utamu huu, na hii ina utamu huu. Kwa nini heshima hiyo tunaitoa kwa Zaiko na tunawanyima wengine?

Kule Brazili Kisser alifanya kazi ya Nyoka Longo. Alimleta Jean Dolabella kwenye ngoma, akakaa mpaka 2011. Kisha akaja Eloy Casagrande, kijana wa miaka 20 tu, na nyumba ikapata tena moto. Tusikilize Machine Messiah, ya 2017, na Quadra, ya 2020. Huyu Eloy hakujaribu kuwa Igor. Alipiga haraka zaidi, kavu zaidi, na orkestra ikarudisha mbio za wakati wa Arise bila kutupa uzito wa miaka iliyofuata. Kuna violini, kuna kwaya, kuna gitare ambayo Kisser asingeweza kuipiga akiwa na miaka 20. Kwetu Quadra inasimama bega kwa bega na Chaos A.D. Anayebisha aisikilize mara tatu mbele ya kutuandikia.

Na Max? Hatumfanyi adui. Soulfly imefanya kazi yake, na albamu yake ya kwanza, iliyojaa kilio cha mtoto yule, inaumiza mpaka leo. Lakini tumeona kitu. Mwaka wa 2023 yeye na Igor walirudi studio wakarekodi upya kazi za kwanza za Sepultura, zile za 1985 na 1986, na mwaka wa 2024 wakafanya vile vile na Schizophrenia. Ni haki yao, nyimbo ni zao pia, na zinasikika vizuri kuliko zamani. Hata hivyo angalieni: wale wanaoitwa wa kweli wanarudia mwaka wa 1986, na wale wanaoitwa maiti wanatoa nyimbo mpya.

Watu wanauliza kama kwenye safari hii ya kuaga Kisser atawaita ndugu wawili wapande jukwaani. Sisi tuliona Stade des Martyrs tarehe 30 ya mwezi wa sita 2022, Wenge ilipokutana tena, na tunajua utamu wa siku kama ile. Hata waliokuwa wanatukanana walipata kulia. Ikitokea kwa Sepultura, tutafurahi. Tunaomba tu isigeuzwe kuwa sharti, kwamba bila Max kuaga kwao si kuaga. Derrick Green asisimamishwe pembeni ya jukwaa lake mwenyewe kama mlinzi wa nyumba aliyesikia mwenye nyumba amerudi.

Hata kuondoka kwenyewe hakukuwaacha. Mwezi wa pili 2024, siku chache tu mbele ya konseri ya kwanza ya kuaga, Eloy Casagrande aliwaacha, na kisha ikajulikana amekwenda Slipknot, orkestra kubwa ya Marekani. Wengine wangeahirisha. Wao walimwita Greyson Nekrutman, kijana wa Marekani aliyejulikana zaidi kwa kupiga ngoma za jazi. Alikuwa bado hajazaliwa Max alipoondoka. Alijifunza miaka 40 ya nyimbo ndani ya siku chache, akakaa nyuma ya ngoma, na mwezi wa tatu konseri ya kwanza ikapigwa Belo Horizonte, pale pale walipoanzia.